Nahodha Aliyewapa Mabaharia Wake Ruhusa ya Kushuka

Safari hii tunakuletea maisha ya mwanajeshi. Tunajua wapo watakaouliza mwanajeshi anatafuta nini katika kurasa za wanaseminari. Jibu letu ni fupi: anayejiandaa kukabidhiwa watu ni vema awatazame waliokabidhiwa watu kabla yake, hasa wale waliofikiwa na saa ambayo hapakuwa na nafasi ya kukaa kikao. Tunayemzungumzia ni Kamanda Ernest Edwin Evans wa Jeshi la Majini la Marekani, nahodha wa manowari Johnston, aliyepotea tarehe 25 Oktoba 1944 mashariki ya kisiwa cha Samar, nchini Ufilipino.

Evans alizaliwa tarehe 13 Agosti 1908 katika mji mdogo wa Pawnee, jimbo la Oklahoma. Jimbo lenyewe lilikuwa halijatimiza hata mwaka mmoja tangu liundwe. Alikuwa na damu ya Wacherokee na Wacreek, makabila ya wenyeji asilia wa Amerika ambayo katika karne ya 19 serikali iliyahamisha kwa nguvu kutoka nchi yao ya kusini mashariki na kuyapeleka magharibi, watu wengi wakifia njiani. Kwa hiyo kijana huyu alikulia katika nchi ambayo wazee wake hawakuichagua, na ambayo haina bahari upande wowote. Alisoma sekondari katika mji wa Muskogee. Mwaka 1926 alijiunga na Jeshi la Majini kama baharia wa kawaida, wa cheo cha chini kabisa. Baada ya mwaka mmoja alipata nafasi katika Chuo cha Maafisa wa Majini kilichoko Annapolis, na mwaka 1931 akahitimu.

Huko chuoni wenzake walimwita Chifu. Kwetu jina hilo ni la heshima, nasi tunawaita hivyo wazee wetu na hata marafiki kwa mapenzi. Kule mambo yalikuwa tofauti kidogo: karibu kila kijana wa makabila yale aliyeingia jeshini alibandikwa jina hilohilo, nusu utani, nusu dharau. Evans alilichukua akakaa nalo. Mwishowe mabaharia wake walilitamka kwa maana tofauti kabisa na ile ya Annapolis.

Miaka kumi iliyofuata haina mengi ya kusimulia. Alihamishwa kutoka meli hadi meli, zikiwemo manowari kubwa na meli za kubeba mizigo na askari, kama maafisa wengi wa nyakati za amani. Vita ilipofika bahari ya Pasifiki mwezi Desemba 1941, Evans alikuwa afisa katika destroya iitwayo Alden, kwenye maji ya Asia ya kusini mashariki.

Hapa inafaa tueleze kidogo. Destroya ni manowari nyembamba na nyepesi, yenye mbio nyingi. Kazi yake ni kuzilinda meli nyingine, kusaka nyambizi, na inapobidi kumkaribia adui na kumrushia topido, yaani yale makombora yenye injini yanayokimbia chini ya maji. Haina mabamba mazito ya chuma ya kuikinga. Mabaharia wa Kimarekani wenyewe waliziita meli hizi makopo ya bati. Na Alden lilikuwa kopo kuukuu: lilianza kazi mwaka 1919.

Tarehe 27 Februari 1942 Alden ilikuwemo katika kikosi kilichokusanywa haraka kutoka mataifa manne, yaani Uholanzi, Uingereza, Australia na Marekani, ili kuwazuia Wajapani wasiteremshe askari katika kisiwa cha Java. Msimamizi alikuwa Mholanzi, Admirali Karel Doorman. Meli hizo hazikuwahi kufanya mazoezi pamoja, na hata kupeana ishara kulikuwa kwa shida. Vita ya Bahari ya Java ikawa msiba. Meli mbili kubwa za Waholanzi zilizamishwa usiku ule na Doorman akafa pamoja na watu wake. Destroya nne za Marekani, Alden ikiwa mojawapo, zilirusha topido zao kutoka mbali ili kuwafunika wenzao waliokuwa wakirudi nyuma, hazikupiga kitu cha maana, kisha zikaishiwa na kupewa njia ya kuondoka. Zikaingia Surabaya, na usiku wa kesho yake zikapenya katika mlango wa bahari wa Bali hadi Australia. Meli nyingi zilizobaki nyuma katika maji yale ziliwindwa na kuzamishwa siku chache baadaye.

Hakuna mtu mwenye akili atakayewalaumu mabaharia wa Alden. Hawakuwa na topido, na amri ilikuwa ni kuondoka. Lakini waliomfahamu Evans baadaye wanasimulia kwamba siku zile zilimkaa rohoni kama mwiba. Kuondoka salama huku wengine wakizama ni jambo ambalo mtu anaweza kusamehewa na ulimwengu mzima na bado akashindwa kujisamehe. Mwezi Machi 1942 alikabidhiwa unahodha wa Alden, akaiongoza hadi Julai 1943 katika kazi za kusindikiza misafara. Kisha akaitwa Seattle kupokea meli mpya.

Meli hiyo ilikuwa Johnston, namba 557. Urefu wake ulikuwa kama mita 115, ilikuwa na mizinga mitano ya milimita 127 na mirija kumi ya topido, na iliweza kukimbia zaidi ya maili 35 za baharini kwa saa. Ilikabidhiwa rasmi tarehe 27 Oktoba 1943. Siku hiyo nahodha alisimama mbele ya watu wake, wengi wao vijana ambao hawajawahi kuiona vita, baadhi wakiwa ndiyo kwanza wametoka shule. Aliwaeleza waziwazi kwamba meli hii ni ya kupigana, kwamba anakusudia kuipeleka mahali penye hatari, na kwamba asiyetaka kwenda huko ashuke sasa hivi. Akaongeza kuwa yeye hatawakimbia tena maadui. Inasimuliwa kwamba hakushuka hata mmoja.

Tulipoisoma habari hii kwa pamoja, tulibishana sana juu ya sherehe ile ya Seattle. Baadhi yetu walisema nahodha alifanya haki, kwa kuwa aliwapa watu wake nafasi ya kuchagua, na viongozi wengi hawafanyi hata hivyo. Wengine wakauliza: kijana wa miaka 18, mbele ya wenzake mia tatu waliosimama wima kwa sare, atatokaje kwenye mstari? Na nadhiri ile ya kutokimbia tena ilikuwa ya nani? Ilikuwa ya Evans, kutokana na kidonda cha Java ambacho vijana wale hawakukijua. Ilikuwa nadhiri ya mtu mmoja, na malipo yake yangetolewa na wote. Hatukukubaliana siku ile, na hatutajifanya tulikubaliana. Tunaomba tu msomaji alishike swali hilo tunapoendelea.

Mwaka uliofuata ulionyesha kwamba nahodha huyu hakuwa mtu wa maneno matupu, wala hakuwa mpenda fujo. Johnston ilishambulia kwa mizinga ngome za Wajapani katika visiwa vya Marshall mapema mwaka 1944, ikijongea pwani kuliko ilivyotarajiwa kwa meli isiyo na kinga. Katikati ya mwezi Mei, ikishirikiana na destroya Haggard na Franks, iliizamisha nyambizi ya Kijapani I-176, na Evans akatunukiwa Nyota ya Shaba. Mwezi Julai ikawa Guam. Robert Hagen, afisa wake wa mizinga aliyenusurika, ndiye aliyetuachia picha ya nahodha huyo: mtu wa kifua kipana, mwenye sauti nzito, aliyewaacha maafisa wake wafanye kazi yao bila kuwasimamia kila dakika, na ambaye hawakumwona akitaharuki. Watu wa meli ile walijifunza kazi zao hadi mikono ikazijua yenyewe. Jambo hili tunalisisitiza kwa sababu watu wanapenda kusimulia ile asubuhi ya mwisho kana kwamba ilikuwa ushujaa wa ghafla. Ilitanguliwa na mwaka mzima wa mazoezi ya kuchosha, kurudia kitu kilekile, mchana na usiku.

Sasa twende Ufilipino. Tarehe 20 Oktoba 1944 majeshi ya Marekani chini ya Jenerali Douglas MacArthur yaliteremka katika kisiwa cha Leyte. Wajapani waliamua kutumia karibu kila manowari iliyobaki ili kuwavunja hapo pwani. Mpango wao ulikuwa wa ujanja. Meli zao za kubeba ndege, ambazo hazikuwa na ndege za kutosha, zilitumwa kaskazini zionekane, ziwe chambo. Kikosi kikubwa cha manowari chini ya Admirali Takeo Kurita kingepita katikati ya visiwa, kitoke katika mlango wa bahari wa San Bernardino na kushuka kusini hadi Leyte. Chambo kikanasa. Admirali William Halsey, aliyekuwa na meli zenye nguvu kuliko zote, aliondoka kwenda kaskazini usiku wa tarehe 24 na kuuacha mlango ule bila hata bawabu mmoja.

Kati ya Kurita na pwani ya Leyte, upande ule wa kaskazini, palibaki kikosi kidogo cha Admirali Clifton Sprague. Kilikuwa na meli sita ndogo za kubeba ndege, zilizoundwa haraka na zisizoweza kukimbia zaidi ya maili 19 hivi kwa saa. Kuzilinda zilikuwepo destroya tatu, Johnston, Hoel na Heermann, na meli nne za kusindikiza zilizo ndogo zaidi: Samuel B. Roberts, Raymond, Dennis na John C. Butler. Ndege zao zilikuwa zimeandaliwa kuwasaidia askari wa nchi kavu na kusaka nyambizi. Hakuna aliyefikiria kwamba kikosi hiki kingekutana na manowari kubwa.

Asubuhi ya tarehe 25, muda mfupi kabla ya saa 1:00, rubani mmoja aliona milingoti ya ajabu upande wa kaskazini. Zilikuwa meli 23: manowari nne kubwa kabisa, kruza nane, ambazo ni manowari za ukubwa wa kati zenye mizinga mizito, na destroya 11. Mbele ya zote kwa ukubwa ilikuwa Yamato, ambayo uzito wake peke yake ulikaribia uzito wa kikosi kizima cha Sprague. Mizinga yake ya milimita 460 ilirusha makombora yenye uzito wa karibu kilo 1,460 kila moja. Kombora la Johnston lilikuwa na kilo 25 hivi.

Maji yenye rangi yalianza kuruka juu kuzunguka meli za kubeba ndege, kwa maana Wajapani walitia rangi katika makombora yao ili kila meli ijue lake limeangukia wapi. Sprague aliamuru meli zake zigeuke, zirushe ndege zote na kujifunika kwa moshi. Johnston ndiyo iliyokuwa karibu zaidi na adui. Evans aliamuru mabomba ya moshi yafunguliwe, injini zipewe nguvu zote, na topido ziandaliwe. Kisha, kabla amri yoyote ya kushambulia haijamfikia, akageuza usukani kushoto na kuielekeza omo ya meli yake kwa meli zile 23.

Alikwenda peke yake. Kwa dakika zipatazo ishirini Johnston ilikimbia kwa kupindapinda, ikilifuata kila kombora mahali lilipoangukia kwa kuamini kwamba lijalo halitaangukia hapohapo. Mizinga ya Hagen ilianza kupiga umbali wa kilomita 16 hivi, ikamlenga kruza Kumano aliyekuwa kiongozi wa safu, na kumpiga mara nyingi. Ilipofika kama kilomita tisa, Evans alirusha topido zote kumi, akageuka na kuingia ndani ya moshi wake mwenyewe. Walipotoka waliona moto: Kumano alikatwa omo, akaachwa nyuma, na asubuhi ile hakupigana tena. Kruza mwingine, Suzuya, aliyekuwa amejeruhiwa na ndege, alisimama naye.

Saa 1:30 yakaja malipo. Makombora matatu makubwa kutoka manowari kubwa, na mara moja mengine matatu madogo, yaliipiga Johnston. Chumba kimoja cha injini kikanyamaza na mbio zikashuka nusu, hadi maili 17 kwa saa. Dira ikaharibika, na mizinga mitatu ya nyuma ikapoteza umeme. Jukwaa la kuongozea meli likajaa wafu na majeruhi. Evans mwenyewe alipoteza vidole viwili vya mkono wa kushoto, kofia na shati vikapeperushwa na mlipuko, na kifua kikatobolewa na vipande vya chuma. Daktari wa meli alipomkaribia, alimwambia aende kwa wengine, kisha akajifunga kitambaa mkononi.

Hapo mvua ikawaokoa. Wingu zito lilishuka juu ya maji na kuificha Johnston kwa muda wa dakika kumi hivi, zikatosha kuwarudishia mizinga miwili kati ya mitatu iliyokufa.

Wakati huo amri ya Sprague ya kushambulia kwa topido ilikuwa imetoka, na Hoel, Heermann na ile Samuel B. Roberts ndogo zilikuwa zinaelekea kwa adui. Johnston ilikuwa inarudi. Ilikuwa imeshatimiza kazi yake, haikuwa na topido hata moja, ilikuwa na injini moja na nahodha mwenye mkono mmoja mzima. Nani angewalaumu kama wangeendelea kusini kujiunga na wengine ndani ya moshi? Hali ilikuwa ileile ya Java: topido zimekwisha, njia ya kuondoka iko wazi. Evans aliamuru meli igeuke tena. Aliwaeleza watu wake kwamba wataenda nyuma ya wenzao kuwasaidia kwa mizinga.

Kwa maoni yetu, hapa ndipo maisha ya mtu huyu yanapopimwa, kuliko pale alipogeuka mara ya kwanza. Shambulio la kwanza lingeweza kuelezwa kwa nadhiri, kwa hasira, hata kwa kiburi cha mtu anayetaka kufuta aibu ya zamani. Lakini adui wa Java alikuwa amekwisha kulipwa: Kumano alikuwa anaungua. Aliporudi mara ya pili hakuwa na deni la kulipa wala silaha ya kuweza kuizamisha manowari. Kilichobaki ni kwamba zile meli nyingine zilikuwa zinaingia motoni, na kila kombora lililorushwa kwa Johnston ni kombora ambalo halikurushwa kwao. Aliyekuwa upande wa kwanza katika ubishi wetu na aliyekuwa upande wa pili, wote wawili walinyamaza kidogo tulipofika hapa.

Kilichofuata ni saa moja na nusu ya vurugu ambayo wanahistoria bado wanaipanga. Katika moshi Johnston na Heermann nusura zigongane. Zilirudisha injini nyuma na kupishana kwa umbali ambao mtu angeweza kurusha jiwe, na mabaharia wa pande zote mbili wakapiga kelele za shangwe. Johnston ilikutana na manowari kubwa ya Kijapani ghafla, ikaipiga makombora kadhaa yaliyokuwa kama mvua ya mawe juu ya paa la bati, ikajificha tena. Meli ya kubeba ndege Gambier Bay ilipokuwa inapigwa na kruza na kuanza kulala upande, Evans alimwamuru Hagen aanze kumpiga kruza yule ili amvute awageukie wao. Yule hakugeuka.

Kisha ikatokea kruza nyepesi Yahagi ikiongoza destroya kadhaa, zote nzima, zikielekea kwa meli za kubeba ndege kuzirushia topido. Evans aliziendea na kuzipiga moja baada ya nyingine. Zikageuka mapema, zikarusha topido zao kutoka mbali mno, na hakuna hata moja iliyopata meli. Hagen ameeleza kwamba nahodha wake alifurahi wakati ule kuliko walivyowahi kumwona.

Robert Copeland, nahodha wa Samuel B. Roberts, alimwona kwa mara ya mwisho meli zao zilipopishana. Evans alikuwa amesimama nyuma, kwenye tezi, bila shati, ana damu, kwa sababu jukwaa la kuongozea lilikuwa haliwezi kukaliwa tena. Usukani wa kawaida ulikuwa umekufa. Alikuwa anapaza sauti kupitia tundu la sakafu kwa mabaharia waliokuwa chini wakiuzungusha usukani kwa nguvu za mikono. Alimtazama Copeland akampungia mkono.

Karibu saa 3:15 asubuhi Kurita, akiwa amechanganywa na moshi, ndege zisizokoma, na destroya zilizokuwa zinamjia kana kwamba nyuma yake kuna jeshi kubwa, aliamuru meli zake zirudi kaskazini. Alidhani amekutana na kikosi kikuu. Pwani ya Leyte haikuguswa. Lakini kwa Johnston amri hiyo ilichelewa. Destroya za Yahagi zilikuwa zimeizunguka, zikiipiga kutoka pande zote. Injini ya mwisho ilipozimika, meli ilisimama. Saa 3:45 Evans aliamuru watu washuke. Saa 4:10 Johnston ilipinduka, ikazama. Walionusurika wamesimulia kwamba destroya moja ya Kijapani ilipita karibu, nao wakajiandaa kupigwa risasi majini. Badala yake wakamwona nahodha wake amesimama wima, mkono kwenye kofia, akiipigia saluti meli iliyokuwa inazama.

Hapo tungependa kusema kwamba wokovu ulifika. Haukufika. Taarifa ya mahali walipokuwa ilikosewa, na waliotumwa kuwatafuta walitafuta mahali pasipo. Watu wa Johnston, pamoja na wale wa Hoel na Samuel B. Roberts zilizozama asubuhi hiyohiyo, walikaa juu ya vyelezo na ndani ya maji kwa siku mbili mchana na usiku, majeruhi na wazima, bila maji ya kunywa, huku samaki papa wakiwazunguka. Waliokolewa asubuhi ya tarehe 27 Oktoba na meli ndogo zilizotoka Leyte. Tarehe hiyo ilitimiza mwaka mmoja kamili tangu sherehe ya Seattle. Kati ya watu 327 waliokuwa katika Johnston, 186 walikufa. Wengi wao hawakufa kwa makombora. Walikufa baharini wakisubiri, na wengine ambao walionekana wakishuka salama hawakuonekana tena. Evans ni mmoja wa hao.

Aliacha mkewe na wanawe. Baada ya kifo chake alitunukiwa Nishani ya Heshima, tuzo kubwa kuliko zote za kijeshi nchini Marekani, na anatajwa kuwa mtu wa kwanza wa wenyeji asilia kuipata katika Jeshi la Majini. Kikosi kizima cha Sprague kilipewa sifa ya Rais. Manowari moja ya kusindikiza ilipewa jina lake katika miaka ya 1950, na mwaka 2023 ilitangazwa kwamba destroya mpya itaitwa Ernest E. Evans.

Miongoni mwetu ubishi kuhusu Seattle haujaisha. Yule ndugu aliyeuliza kuhusu kijana wa miaka 18 bado anauliza, na tunaona ana haki ya kuuliza: 186 ni watu, na kila mmoja alikuwa na mama. Wa upande wa pili anamjibu kwamba katika meli zile sita za kubeba ndege walikuwemo maelfu ya watu, na nyuma yao wengine wengi zaidi pwani, nao pia walikuwa na mama. Jambo moja tu wote wawili wanalikubali. Walionusurika, waliokuwa na sababu zote za kumlalamikia nahodha huyu baada ya siku mbili majini, walikutana kwa miaka mingi hadi uzeeni kuwakumbuka wenzao, nao walimtaja kwa upendo.

Mwezi Machi 2021 chombo cha kuzamia kilishuka mashariki ya Samar hadi kina cha zaidi ya mita 6,400, mahali penye giza la daima, kikaikuta theluthi mbili ya mbele ya meli imekaa wima juu ya mteremko. Jukwaa la kuongozea lilikuwepo, na mizinga miwili ya mbele. Taa zilipomulika ubavu wa omo, rangi nyeupe ilikuwa bado inasomeka: 557.